Rupia ya Harusi

Mimi si mwizi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyenipa nafasi ya kulisema, na neno fupi kama hilo ukilinyimwa nafasi linakukaa kooni, unakula nalo na unalala nalo. Nilipomleta uani kwetu yule bwana wa mashine, watu walidhani nimeingiwa na tamaa ya mali ya Mjerumani kama wengine. Waache wadhani. Nilikuwa natafuta rupia moja tu, na sikuwa na mpango wa kuiuza. Nilitaka ionekane, basi.

Jina langu Hidaya. Nimeolewa na Nassoro, huku juu ya Mponde, mahali ambapo mashamba ya chai na ya maharage yanapanda mlima mpaka yanakaribia msitu. Nyumba ni ya wakwe zangu. Baba mkwe nilikuta ameshafariki. Mwenye nyumba alikuwa mama mkwe, Bi Kuluthumu, mwanamke mwembamba wa maneno machache, na kitu chake cha thamani kilikuwa sanduku la mbao lenye kufuli. Ndani ya sanduku, amefungwa kwenye kitambaa cheupe, alikaa mzungu wa fedha mwenye ndege juu ya kofia, sura iliyochorwa kwenye rupia ya Mjerumani.

Rupia ile ilitoka kwa babu yake, aliyewabebea Wajerumani mizigo enzi zile Lushoto inaitwa kwa jina lao. Ilikuwa imetobolewa tundu juu na kutiwa uzi. Kila binti wa nyumba ile, siku ya kuolewa, alivishwa shingoni tangu asubuhi mpaka anapokabidhiwa kwa mumewe, kisha inarudi sandukuni kumsubiri mwingine. Mimi sikuivaa, maana mimi ni mke wa kuletwa. Lakini niliwahi kuonyeshwa mara moja, nikaishika mkononi, nikasema kumbe nzito. Watu walikuja kulikumbuka hilo la kuishika kuliko mema yote niliyofanya nyumbani mwao.

Watoto wangu wawili wa kwanza hawakufika kutambaa. Nalisema hili mara moja, silirudii. Nilipojifungua wa tatu, mtoto wa kike, sikuthubutu hata kumtafutia jina, niliona kama nitamwita mtu ambaye hajaamua kukaa. Mama mkwe alimtazama akasema, "Huyu ni Tatu," ikawa ndiyo hivyo. Arobaini yangu niliimaliza chumbani kwa mama mkwe, kwa sababu ndicho kilichopakana na jiko, kina joto, na mvua za mwaka ule zilikataa kukatika. Sanduku lilikuwa humo humo, miguuni pa kitanda.

Tatu alipoanza kukaa mwenyewe, Hawa akaolewa. Hawa ni wifi yangu, mdogo wake Nassoro, binti wa mwisho wa nyumba. Asubuhi ya harusi shangazi zake walilifungua sanduku mbele ya wanawake wote, huku wengine wameshaanza kuimba. Wakakunjua kitambaa. Hamkuwa na kitu.

Nyimbo zilikatika. Wakamgeukia mama mkwe, naye akatazama chini. "Yamekwisha," akasema. "Mvisheni ushanga, aende." Hakusema nani kachukua. Hakusema nani hakuchukua. Basi wale wanawake, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kunitazama mimi niliyelala chumba kile.

Kilichonimaliza kabisa ni kaka yangu Kibwana. Mwaka huo ndio mambo yalianza kufunguliwa. Sabuni zilirudi madukani, watu wakaacha kupanga foleni ya sukari, magari yakaanza kupanda Soni na marobota ya mitumba, na Kibwana akafungua meza yake pale sokoni. Mtaji aliupata kwa kuuza ng'ombe wa baba yetu, na kwetu kila mtu anamjua ng'ombe huyo mpaka rangi yake. Lakini huku kwa wakwe zangu hakuna aliyemwona ng'ombe. Waliona meza.

Usidhani mtu huitwa mwizi kwa mdomo. Kwenye shughuli wenzangu walipewa kutunza vyombo, mimi nikapewa kumenya vitunguu. Nikiingia chumba cha mtu, mwenye chumba anakumbuka ghafla kwamba na yeye ana kitu cha kufuata humo. Hawa alihesabu vijiko nikiwa bado naviosha. Ndoa yake haikudumu, akarudi nyumbani na begi lake, na kila alipokasirika alisema aliolewa bila rupia, atapataje heri, huku macho yake yako kwangu. Nilipomlilia mume wangu, Nassoro, ambaye ni mpole mpaka upole wake unaudhi, alinijibu, "Mama Tatu, mama hajasema kuwa ni wewe." Kweli, hakusema. Ndicho kilichokuwa kinaniua.

Angenichukia ningejua pa kushika. Lakini mama mkwe hakunitenga hata siku moja. Alinipikia uji nilipoumwa, alimbeba Tatu mgongoni mpaka mtoto akawa mzito kuliko yeye, na kwenye dua zake alilitaja jina langu kwa sauti nikiwa nasikia. Neno moja tu, la kusema Hidaya hakuchukua, ndilo hakulitoa. Nilimpenda na nilimchukia, pengine ndani ya mlo mmoja.

Sasa huyo bwana wa mashine. Aliitwa Silvano, mtu wa Tanga mjini, alipanda huku wakati wa baridi kali ya Juni akiwa amevaa buti za mvua na koti la mtumba lililomzidi. Mashine yake ilikuwa mpini mrefu wenye sahani chini na vidude vya kuvaa masikioni. Ukipitisha sahani juu ya ardhi, ikakuta chuma, inalia. Alikuwa anatafuta sarafu za kale kwenye viwanja vya watu, rupia za fedha na hela za shaba za Mjerumani, kwa ajili ya tajiri mmoja wa Arusha anayewauzia watalii. Kinachopatikana mnagawana, nusu yake, nusu ya mwenye kiwanja.

Zilikuwa siku ambazo kila kitu kilikuwa kinauzwa. Tulisikia kwenye redio viwanda vinauzwa, mashamba ya mkonge yanauzwa, tukawa tunashangaa nani ananunua. Kwa hiyo mtu aliposema hata udongo wa nyuma ya nyumba yako una cha kuuza, hakuna aliyecheka. Wanaume wengine walianza kuchimba wenyewe kabla Silvano hajafika, wasije wakagawana naye. Mzee Sharifu, jirani yetu, alichimba karibu na choo chake kwa sababu babu yake aliwahi kumwambia Mjerumani alipenda kupumzika pale. Choo kikaingia shimoni. Alichopata ni chupa ya dawa ya kikohozi, na mpaka wiki ya pili alikuwa bado anaomba choo kwa majirani.

Mimi nilimfuata Silvano dukani, nikamwambia aje kwetu. "Kila utakachokuta ni chako peke yako," nikamwambia. "Ila rupia moja yenye tundu. Hiyo ni yangu."

Alicheka. "Yenye tundu haina bei, mama. Wanunuzi hawaitaki."

"Vizuri. Basi hatutagombana."

Nilikuwa na hakika nayo. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeupitia mwaka ule kichwani, na nikafikia hapa: arobaini ilipokwisha, godoro nililolalia, lile la majani makavu, lilichanwa likatupwa jalalani nyuma ya jiko. Rupia ilitoka kwenye kitambaa kwa njia anayoijua Mungu, ikaingia kwenye majani, ikatupwa nayo. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na uzembe tu, na uzembe ule mashine ingeuona. Nikawaalika wanawake wote waliokuwepo asubuhi ile ya harusi na bado wako hai, nikawaambia Jumamosi waje kwangu kunywa chai. Walikuja wote. Ukialikwa na mtu unayemdhania mwizi, huwezi kukosa.

Nassoro nilipomweleza alisema, "Fanya unavyoona," akachukua kikapu akaenda kuchuma chai. Mama mkwe alikuwa anakoroga mboga. Mwiko ukasimama.

"Lini?" akauliza.

"Jumamosi, mama."

"Haya," akasema, akaendelea kukoroga.

Jumamosi yenyewe ukungu ulichelewa kuondoka. Wanawake walifika wakiamkiana njiani kwa Kisambaa, "Onga makeo! Onga makeo!", wamejifunga kanga juu ya masweta. Mama mkwe alikuwa ameshatoka nje kabla yao wote. Alichukua kigoda na ungo wa maharage, akaenda kukaa kule nyuma, kwenye shina la migomba lililo mwisho wa ua, akawa anapukuchua. Nilidhani anatafuta jua.

Silvano akaanza jalalani, nikiwa nyuma yake, na wanawake nyuma yangu. Mashine ikalia. Akachimba, akatoa kopo la samaki. Ikalia tena, betri za redio. Ikalia, jembe lililoliwa na kutu. Kila ilipolia moyo wangu ulipanda, na kila alipotoa takataka Hawa alivuta pumzi kwa pua, kwa namna yake ya kuvuta pumzi. Kisha kikatoka kijiko. Silvano alikifuta kwenye suruali, na kwenye mpini likatokea ua lililochongwa. Kilikuwa kijiko cha Hawa, cha seti aliyorudi nayo kutoka kwa mumewe, kile alichokitafuta mwezi mzima akiulizia kwa sauti kubwa nje ya dirisha langu.

Mmoja wa wanawake akasema, "Hawa, kijiko chako kilijiiba," na wote wakacheka. Sijui kama mtu anaweza kuelewa kicheko kile kilinipa nini. Nilisimama wima. Nikamwambia Silvano aendelee, apite kila mahali, asiache hata unyayo mmoja.

Akapita. Jalala likaisha na rupia haipo. Akapita ukutani, akapita mlangoni, pale mlangoni akapata hela moja nyeusi, ndogo, akaibusu akaitia mfukoni. Ua mzima ukaisha, ikabaki migomba tu. Mimi nilikuwa nimeanza kukata tamaa, na wanawake walikuwa wameanza kuulizana kuhusu bei ya vitunguu.

"Shikamoo bibi," Silvano akamwambia mama mkwe. "Naomba nipite hapo."

"Marahaba, mwanangu. Pita huko pembeni."

"Na hapo ulipokaa pia, bibi."

"Hapa nimekaa."

Silvano ni mtu wa mjini, anajua kuzunguka. Alizungusha ile sahani taratibu kuzunguka kigoda, na ilipofika karibu na miguu ya mama mkwe mashine ikatoa mlio ambao hatukuwa tumeusikia asubuhi yote, mwembamba, safi. Alichomoa vidude vya masikioni kwenye mashine ili na sisi tusikie vizuri. Akapitisha tena. Ukalia vile vile.

"Hiki si chuma," akasema. "Hii ni fedha. Na haiko chini sana."

Nilifurahi, siwezi kuficha, na nilifurahi kwa ubaya. Sikumfikiria Mungu wala mume wangu, nilifikiria uso wa Hawa utakavyokuwa. Nililichukua jembe mwenyewe kutoka mkononi mwa Silvano. "Mama," nikasema, "inuka."

Mama mkwe akainua uso. Nilikuwa nimekaa naye miaka yote ile, nimemwona akiumwa, nimemwona akizika ndugu zake, lakini sikuwa nimemwona akiogopa. Na hakuwa ananiangalia mimi wala jembe. Alikuwa anaangalia njia ya juu, ambako Tatu alikuwa anashuka kutoka madrasa na juzuu yake kifuani, anarukaruka.

Hapo nikajua.

Nieleze, kwa asiye wa kwetu. Kitovu cha mtoto kikikatika, bibi yake hukichukua akakifukia chini ya mgomba. Anayepajua ni yeye peke yake. Hata mama wa mtoto haambiwi, kwa sababu mama atataka kwenda kutazama, na kitovu kikifukuliwa mtoto anakuwa amefunguliwa, hana kinachomshika nyumbani. Na kwa mwanamke ambaye watoto wake hawakai, bibi yangu mzaa mama aliwahi kunisimulia, huwekwa na kitu kingine juu yake. Kitu kizito. Kitu ambacho mwenye kukitoa anaumia kukitoa. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kitovu cha Tatu kiliwekewa nini.

Sasa nililiona lile shina la migomba kama vile limepandwa asubuhi ile. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukata mkungu pale. Majivu ya jiko aliyamwaga pale. Mwaka ule Tatu alipougua surua, mama mkwe alikuwa anatoka na kopo la maji, anarudi, anatoka tena, na mimi nikasema huyu mama uzee unamchanganya.

Naamini? Usiniulize. Nimesoma mpaka darasa la saba, na najua dawa iliyomponya Tatu ilitoka hospitali. Lakini aliyezika wawili hafukui kitovu cha wa tatu ili watu wajue nani alisema kweli. Nililaza jembe chini.

"Hapa hatuchimbi," nikasema.

Silvano alidhani hajasikia vizuri. "Mama, si ndiyo hii unayoitafuta?"

"Ni sufuria bovu. Nililifukia mwenyewe."

"Sufuria halilii hivi."

"Nimesema hatuchimbi!"

Wanawake wakanigeukia kama walivyonigeukia siku ile ya kitambaa. Hawa akasogea mbele. Alinitazama, akatazama jembe, akaanza kucheka kidogo kidogo, na mimi nilijua kinachokuja kabla hakijafika.

"Aaa," akasema. "Kumbe. Umetuita tukuangalie ukitafuta jalalani, ukijua haiko jalalani. Mashine ikusafishe, uende zako. Kumbe mashine haina ujomba na mtu." Akawageukia wenzake. "Nilisema mimi. Miaka yote nilisema. Mwizi ni huyu, na mali yenyewe iko hapo chini."

Lilikuwa limesemwa, mchana, mbele ya watu. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa fupi: muulize mama yako. Maneno matatu. Nililishika jibu lile kwa meno. Nilimtazama mama mkwe, nikamsubiri, na yeye alikuwa ameinama juu ya ungo wake, mikono imekufa ndani ya maharage.

"Shangazi, umemwita nani mwizi?"

Tatu alikuwa amesimama nyuma yetu. Mtoto yule ana hasira zangu, sikumpa urithi mwingine. Aliiweka juzuu yake juu ya ukuta wa jiko, kwa adabu, akaja katikati yetu, akaliokota jembe.

"Nitachimba mimi," akasema. "Kama ni sufuria, nyote mtamwomba mama msamaha." Akalinyanyua.

Tulipiga kelele kwa pamoja, mimi na mama mkwe, mdomo mmoja. Mimi nilibaki pale pale. Yeye, ambaye magoti yake hayanyooki mpaka jua liwe juu, alisimama, ungo ukamwagika, akalidaka jembe kwa chini, kwenye chuma, akalivuta kutoka mikononi mwa mjukuu wake.

"Rupia niliitoa mimi," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anamjibu mtu kuhusu mvua.

"Niliitoa sandukuni kwa mkono wangu, nikaifukia kwa mkono wangu. Hidaya hakuiona wala hakujua. Mwenye kutaka kumwita mtu mwizi, aniite mimi."

Hawa ndiye wa kwanza kufungua mdomo, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Rupia yangu, mama?"

"Yako."

"Ya harusi yangu?"

"Ya harusi yako. Wewe ulikuwa mzima, unacheka, una mchumba. Huyu alikuwa na siku saba, na wenzake wawili wameshamwita."

Siwezi kusema nilimwonea Hawa huruma wakati ule, nilikuja kumwonea baadaye. Alitazama pale chini ya migomba kwa muda mrefu. Kisha akajifunga kanga yake vizuri, akapita katikati ya watu akaondoka, na hakukichukua hata kile kijiko. Wanawake nao kila mmoja akakumbuka ana chungu jikoni. Wawili walinishika bega walipokuwa wanapita. Mmoja alisema, "Mama Tatu, utatuwia radhi," akiangalia miguu yake. Silvano alifunga mashine yake kimya kimya, akaaga kwa shikamoo, akaondoka bila kuuliza habari za fedha iliyobaki ardhini.

Tatu alinishika mkono. "Kwa hiyo wewe si mwizi?"

"Si mwizi."

"Nilijua," akasema. Nikamtuma shambani akamwite baba yake. Nilimtazama akipanda mlima mpaka nikamkosa machoni.

Nilikuwa nimeisubiri siku ile miaka mingi. Nilidhani jina langu likisafishwa nitapiga vigelegele mpaka wasikie Bumbuli. Badala yake nilikuwa na hasira. Maneno aliyoyasema mama mkwe yalikuwa machache, mtu angeweza kuyasema akiwa anafunga kilemba. Yalikuwepo. Alikuwa nayo siku ile ya harusi na kila siku iliyofuata.

"Mama," nikasema, "ulishindwa nini kusema maneno yale?"

Alikuwa amekaa tena, ananyoosha vidole vilivyoshika jembe. "Ningesema nimeitoa, wangeuliza iko wapi. Nassoro na ustadhi wake wangechimba siku hiyo hiyo, waseme ni shirki."

"Na mimi? Ungeniambia mimi peke yangu."

"Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuchimba. Jina lako lilikuwa linakuuma."

Nilitaka kubisha. Lakini jembe lilikuwa pale pale, na aliyelichukua kwanza kutoka mkononi mwa Silvano nilikuwa mimi.

"Uliniacha niitwe mwizi, mama."

"Nilikuacha." Hakuongeza sababu wala kuomba nimwelewe. "Kila siku nilikuwa nawatazama wewe na mwanao, na kila siku nilimchagua yeye. Leo ulipolaza jembe, wewe ulimchagua nani?"

"Lilikuwa jina langu!" nikasema, na machozi yakanitoka hapo, machozi ya hasira. "Leo nimelitoa mwenyewe. Lilikuwa langu la kulitoa. Wewe ulilitoa bila kuniuliza."

Alilifikiria hilo. Niliona analifikiria kweli, hakuwa anatafuta jibu.

"Ndiyo," akasema. "Lilikuwa lako."

Tukakaa. Maharage yalikuwa yametapakaa kote na hakuna aliyeyaokota. Kuku walishaanza kusogea. Baadaye mama mkwe akageuka kulitazama shina la migomba lililokuwa nyuma yake, akalipapasa kwa kiganja.

"Sasa kila mtu anapajua," akasema. "Zamani nilikuwa napalinda kwa kutosema. Sasa itabidi mtu akae. Na mimi magoti haya hayana masika mengi. Nikiondoka, nani atakaa hapa?"

"Nitakaa mimi," nikamwambia, na nilikuwa bado sijamsamehe.